Jiwe la Chumvi la Msimu wa Swala

Joto la Doha likiwa bado linakausha mate mdomoni, mimi huanza kufikiria swala. Si kwamba mimi ni mwindaji. Hata kuku humwomba jirani anichinjie. Ni kwamba mzee ninayemwendeshea gari husafiri kila mwaka kuwinda swala wakubwa wa nchi za baridi, na yeye akisafiri, mimi napata likizo. Asiposafiri, nabaki mtaani kwetu Abu Hamour, hapa hapa Doha, mwaka mzima. Na huko kwetu Kitui nina binti anayenijua kwenye simu tu.

Mzee huandaa chambo mapema sana. Hununua mawe ya chumvi ya kulamba na unga wenye harufu ya tofaa, kisha tunakwenda kuvijaribu shambani kwake, nje ya mji, kwa swala anaowafuga. Alinifundisha mwenyewe, amechuchumaa mchangani.

"Weka chumvi, kaa kando, usimtazame machoni. Mnyama hazoei kwa siku moja."

Mwaka mmoja nguo zake za kuwindia zilifuliwa bila sabuni ya manukato, ili mnyama asinuse mtu, zikaanikwa juani. Dada mpishi, Mganda mwenye heshima zake, akazionea huruma. Katika nyumba ile mgeni haondoki bila kufukizwa udi, sembuse mwenye nyumba. Akaziweka juu ya chetezo mpaka zikanukia kama za harusi. Mzee aliponusa koti alikasirika kwelikweli, akasema basi, mwaka huu hakuna kuwinda. Dada akalia jikoni. Mimi sikulia, ila nilijua likizo yangu imekwenda na moshi ule.

Shambani tulikwenda hata hivyo, maana chambo kilishapakiwa garini. Mzee akavaa koti lile kwa hasira, akaweka jiwe la chumvi, akakaa kando. Swala wakaja moja kwa moja hadi magotini pake. Tangu wazaliwe, mkono unaowalisha hunukia udi. Mzee akacheka mpaka akashikwa na kikohozi, akasema koti ni zuri na safari ipo. Kwamba swala wa nchi za baridi hawajui udi ni nini, hilo nililifahamu, nikanyamaza. Ya nini kukitia mchanga kitumbua changu mwenyewe?

Jiwe moja lililobaki akanipa niwapelekee mbuzi wa mama.

Siku niliyofika Kitui, binti yangu alinikimbia. Pipi alizikataa, mdoli akamwachia bibi yake. Iliniuma, sitaficha. Kesho yake nikaliweka jiwe la chumvi zizini, nikakaa kando, nikatazama miguu yangu. Mbuzi ndio waliotangulia. Baadaye nikasikia kandambili ndogo zikija, zikisita, zikija tena, mpaka zikasimama karibu na bega langu.

"Baba, wanalamba nini?"

Nikamjibu ni chumvi, macho yangu yakiwa bado miguuni.