Barua za Shaame za Kukataa

Houston si kazi kumpata mtu anayeandika hadithi fupi. Mnesi anaandika, dereva wa lori anaandika, mwenye duka la nyama ya halali yuko katikati ya riwaya tangu mwaka juzi. Anayetafutwa kwa tochi ni msomaji. Jarida letu la hadithi za Kiswahili, ambalo hutoka mara mbili kwa mwaka Mungu akipenda na mashine ya kuchapia ikipenda, lina msomaji mmoja wa kweli, naye ni Shaame.

Shaame ni Mpemba anayekaa Pearland, pembeni ya Houston, umri wake hamsini na tisa. Kazi yake ni kuwapeleka wagonjwa wa figo hospitali wakasafishwe damu. Mgonjwa hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, na muda huo wote Shaame yumo garini anasoma hadithi tulizoletewa. Sisi wengine, pamoja na mhariri wetu Wanjiku, ambaye ni mnesi wa dharura na amezoea kuamua haraka nani aingie kwanza, husoma ukurasa mmoja. Tukiwa na huruma, miwili. Shaame husoma mpaka nukta ya mwisho. Kwao, anasema, mtu akikuhadithia humwachi njiani.

"Lakini Mzee, hii ilikuwa mbaya toka mstari wa kwanza," Wanjiku alimwambia siku moja.

"Niliona. Nikangoja labda itatubu."

Kwa kuwa ndiye aliyesoma, tukampa na kazi ya kuwajibu tuliowakataa. Hapo tulikosea. Wanjiku angeandika mistari miwili. Shaame aliandika kurasa mbili, kwa mkono. Alianza na salamu, akauliza hali ya watoto, akasifu cha kusifika, akamaliza kwa kumkaribisha mtu Houston siku ya kuzindua toleo. Neno "hapana" hakuliandika. Si adabu, na mtu mzima ataelewa mwenyewe. Pemba, barua ndefu kiasi hicho isiyotaja "ndiyo" kila mtu anaijua ni ya nini. Fort Worth hawaijui.

Jumamosi ya uzinduzi, saa nane mchana, basi dogo la kanisa likaingia kwenye maegesho ya maktaba. Wakashuka wanawake saba wa kwaya, vitenge sare, na nyuma yao dereva, Josué. Aliyetangulia alikuwa mkewe, Marguerite, Mkongo anayefunga maboksi kwenye ghala moja la Fort Worth. Mkononi ana karatasi kumi na mbili ndani ya mfuko wa plastiki, na juu yake barua ya Shaame.

"Tumefika," alimwambia Wanjiku mlangoni. "Nitasoma wa ngapi?"

Wanjiku akaangalia orodha. Majina matano, lake halimo. Akaomba barua, akaisoma kurasa zote mbili, nadhani maandishi ya kwanza aliyoyamaliza mwaka huo. Kisha akamfuata Shaame aliyekuwa akipanga viti.

"Mzee, hii ni yako. Enda umwambie. Na umwambie na mdomo, usimwandikie."

Shaame akamwita Marguerite pembeni, kwenye rafu za vitabu vya upishi.

"Bibie, safari salama?"

"Salama, Papa."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na kazini nako..."

"Papa Shaame, nimeleta kwaya nzima. Sema."

"Hadithi yako hatukuichukua. Ile barua ndiyo ilikuwa ya kukwambia hivyo."

Kupitia kioo cha ukumbi Marguerite aliwaona wenzake. Maman Fanny, mkubwa wa kwaya, alishakaa safu ya mbele, simu juu, tayari kurekodi.

"Kanisani imetangazwa," Marguerite akasema. "Pasta ameniombea mbele ya watu wote. Sasa nitaingia mle niseme nini?"

"Kosa ni langu."

"Walioisoma walionaje?"

Shaame alikuwa ameshasema kweli mara moja na akaona haiui. "Walifika ukurasa wa pili. Mimi nimeimaliza mara mbili. Yule mwanamke anapovaa glavu ya mwenzake aliyefukuzwa kazi, akaikuta bado ina joto, hadithi imekwisha. Ukurasa wa tisa. Hizo tatu zilizobaki unatueleza tulichokwisha kukiona."

"Zile tatu," Marguerite akasema, "ni Pasta aliniambia niongeze. Alitaka yule mama aokoke."

"Kaokoka ukurasa wa tisa."

Marguerite akaingia ukumbini, akasimama mbele ya kwaya yake, akasema kwa pumzi moja: "Imekataliwa. Barua sikuielewa. Mnisamehe."

"Nime-drive masaa manne," Josué akasema, "kuja kukataliwa?"

"Wewe nani amekukataa?" Maman Fanny akamjibu, huku akishusha simu. "Amekataliwa huyu, na bado amesimama. Kaeni. Tusikie hao waliokubaliwa wako namna gani."

Wakakaa. Hafla zetu huwa na watu kumi na mmoja, watano ni waandishi na wanne ni wake na waume zao. Siku hiyo tulikuwa kumi na tisa, na wanane hawakujua kwamba fasihi husikilizwa kimya. Walipoguswa waliitika. Walipochoka walijipepea kwa ratiba. Mwandishi wetu mmoja aligundua, baada ya miaka sita, kwamba anachekesha. Nilimwona akifuta macho.

Baadaye, kwenye sambusa, Marguerite aliziondoa karatasi tatu za mwisho, akampa Shaame tisa.

"Jumatatu," Shaame akasema, "mgonjwa akiwa kwenye mashine."

"Na ikiwa hapana?"

"Nitaandika hapana."

"Andika. Lakini usiache kuuliza watoto. Miaka kumi na moja niko Amerika, ile ndiyo barua ya kwanza isiyotaka nijaze kitu. Na hakuna mwingine aliyenisoma mpaka mwisho. Aksanti, Papa."

Siku hizi barua za Shaame za kukataa huanza na "Hapana", halafu salamu, halafu kurasa mbili zake. Zile karatasi tisa alimpelekea Wanjiku, akasimama kando yake mpaka akazimaliza. Za kukubali hana mazoezi nazo. Marguerite alipata mstari mmoja: "Ndiyo. Watoto hawajambo?"

Alimpigia simu Wanjiku kuuliza kama Mzee anaumwa, mbona barua fupi.