Mchujo wa miezi mitano na swali ambalo Kengele anajutia kuliuliza

Saa mbili na robo asubuhi, gari dogo jeupe lenye spika mbili juu ya paa linakunja kona ya kinyozi na kuingia mtaa wa saba kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwenye kiti cha abiria, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ameshika kipaza sauti usawa wa kidevu. Anakohoa mara moja, anameza funda la maji ya uvuguvugu, kisha mtaa mzima unajaa sauti yake.

“Wazazi na walezi, chanjo ya surua ni leo na kesho, shule ya msingi, bure kabisa! Njooni na kadi. Aliyepoteza kadi naye aje, asibaki nyumbani kwa aibu ya kadi!”

Sentensi ya mwisho haimo kwenye karatasi aliyopewa. Ameiongeza mwenyewe, kwa sababu anawajua kina mama wa mtaa huu.

Mlangoni kwa kinyozi, mzee mwenye kitambaa cha kunyolea shingoni anatoa kichwa nje. “Kengele! Na leo unamuuliza nani?”

Waliomo ndani wanaangua kicheko. Mwanamke garini hacheki. Anazima kipaza sauti, anatazama mbele mpaka kona inayofuata, ndipo anakiwasha tena.

“Kila siku lazima mmoja aniulize hivyo,” anamwambia mwandishi wa makala haya. “Wanatania tu. Lakini utani wenyewe nimeutengeneza mimi.”

Watu wote humwita Kengele, hata bintiye akiwa na njaa. Kazi yake ni kutangaza: misiba, mikutano, maji yatakapokatwa, mtoto aliyepotea sokoni. Ana mitaa kumi na mmoja na miaka kumi na sita katika kazi hiyo.

Kabla ya hapo alikuwa mfagiaji katika kituo cha afya. Kwa miaka sita alipiga deki wodi ya wazazi, akafuta rafu za stoo ya dawa, na wakati karani wa mapokezi alipokuwa na shughuli, akaombwa kuita majina ya wagonjwa. Aliyemsikia akiita majina ni mkunga mkuu wa kituo, mama mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

“Alitoka wodini, akasimama mbele yangu mikono kiunoni,” anakumbuka Kengele. “Akasema, ‘Mwanangu, sauti hii wewe unaipa ufagio?’ Wiki hiyohiyo akanipeleka kwa watu wa chanjo. Ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza garini.”

Mkunga huyo ndiye aliyemzalisha Kengele alipomzaa bintiye. Kituo kilikuwa kimeishiwa glavu siku hiyo. Mkunga alivuka barabara hadi duka la dawa, akanunua kwa fedha yake, akarudi akihema. Mume wa Kengele alikuwa safarini, kwa hiyo baada ya kujifungua mkunga alimsindikiza nyumbani na kukaa siku mbili akimfulia nepi.

Mwaka jana, baada ya kustaafu, mkunga aligombea udiwani. Mpinzani wake ndani ya chama alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Mchujo wa kumpata mgombea mmoja wa chama ulipangwa uchukue wiki tatu. Ulichukua siku mia moja arobaini na tatu.

Kura za kwanza zilifutwa kwa sababu majina ya wanachama wa mtaa mmoja mzima hayakuwemo daftarini. Za pili zilikatiwa rufaa, nazo zikafutwa. Za tatu zikapigwa mwezi wa tano wa mchujo, wakati wengi walikuwa wameshachoka hata kuuliza tarehe.

Kengele hapendi kusikia watu wakisema kwamba miezi ile yote ilikuwa hasara.

“Mwanzoni ilikuwa raha,” anasema, na uso wake unachangamka kidogo. “Wote wawili walinikodi mimi. Jumatatu na Jumatano kwa bwana mbao, Jumanne na Alhamisi kwa mkunga. Watu walikuwa wanatoka milangoni, ‘Kengele, leo wewe ni wa nani?’ Nilizijua sera zote mbili kichwani. Ningeweza kugombea mwenyewe.”

Siku moja ya kampeni ilimlipa sawa na siku nne za matangazo ya kawaida. Alimaliza kuezeka chumba cha pili, akamnunulia bintiye meza ya kusomea.

Na si yeye tu aliyefaidika. Kwa kuwa kura zilikuwa zinarudiwa, wagombea walilazimika kurudi mitaani, na wakirudi walikuta maswali yaleyale yanawasubiri. Katika ukumbi wa shule, mkunga alimuuliza mwenzake hadharani ni lini mara ya mwisho aliuona mfereji wa nyuma ya soko. Wiki iliyofuata bwana mbao alikwenda mwenyewe na mabuti, na kabla ya mwezi kwisha mfereji ulikuwa umezibuliwa.

Mkunga naye alibanwa. Vijana wenye meza za biashara kando ya barabara walimwambia kwamba yeye anajua watoto wachanga tu, si wao. Alikaa nao siku tatu, akiwa na kiti chake na daftari, mpaka akawa na la kuwaambia.

“Kama mchujo ungekwisha kwa wiki tatu, mfereji ule ungekuwa unanuka mpaka leo,” anasema Kengele. “Hilo nitalisema popote.”

Mambo yaligeuka baada ya kura za pili kufutwa. Akiba ya mkunga iliisha. Alimpigia Kengele simu mwenyewe, bila kuzunguka.

“Mwanangu, siku zangu za gari mpe mwingine. Mimi nitatembea kwa miguu.”

Bwana mbao akazichukua. Tangu hapo gari lilikuwa lake wiki nzima.

“Shida ni kwamba maneno yalikuwa yamekwisha,” anasema dereva, ambaye pia ndiye mwenye gari, mtu mpole anayeongea huku akifuta kioo. “Sera tumeshazisema mpaka kuku wanazijua. Rufaa bado inasikilizwa. Sasa utazunguka unasema nini mwezi mzima?”

Asubuhi moja, mpambe mmoja wa kampeni alileta karatasi mpya. Ilikuwa na mistari miwili tu: “Wanachama, dawa za kina mama zilikwenda wapi? Muulizeni mkunga!”

Kengele alisoma, akaona ni uvumi wa miaka ileile aliyokuwa akifagia stoo, akairudisha. “Hii siwezi.”

“Huwezi nini? Hapo umesema kaiba?” aliuliza mpambe. “Ni swali. Kuuliza si kosa. Na kama wewe mdomo umekuwa mzito, yupo mwingine anasubiri.”

Kengele akaichukua tena karatasi, wakaondoka na dereva. Mtaa wa kwanza gari lilipita kimya. Wa pili pia. Dereva akapunguza mwendo.

“Dada, ama soma, ama tugeuze turudi nyumbani. Mimi nitakuunga mkono lolote utakaloamua.”

Kengele anapofika hapa anakunjakunja ncha ya mtandio wake.

“Kaka yangu huyu alinipa mlango wazi kabisa,” anasema. “Angenitoa pale bila neno. Mimi nikafikiria ada ya binti, nikafikiria kwamba wakimpata mwingine nitakosa kazi hata za baadaye. Nikajiambia ni swali tu. Nikasoma.”

Jioni ile walimtaka airekodi. Kuanzia siku ya pili hakuhitajika hata kuwemo garini. Sauti yake ilikuwa kwenye kijiti kidogo cha kuhifadhia rekodi, ikizunguka na pikipiki mbili za kampeni, asubuhi hadi jua linapozama, kwa siku tisa.

Siku ya nne alikuwa uani anachambua mchele. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikija kutoka mbali. Alijisikia akikaribia, akipita mbele ya lango lake mwenyewe, akiuliza dawa zilikwenda wapi, kisha akitokomea upande wa soko.

“Nilikuwa nimekaa chini na ungo mapajani, na huku mimi huyohuyo napita barabarani natukana mtu. Nikatamani nitoke nijikimbize.”

Binti, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, aliisikia akiwa darasani. Wenzake waligeuka wote kumtazama. Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu.

“Mama, yule si ndiye aliyenipokea nilipozaliwa?”

“Ndiye.”

“Na stoo ile si wewe ndiye uliyekuwa unaifagia?”

Binti hakusubiri jibu. Aliingia ndani, na kwa wiki mbili walisemeshana mambo ya maji na funguo tu.

Kura za tatu zilipohesabiwa, mkunga alishindwa kwa kura kumi na saba. Safari hii hakukata rufaa.

Chama nacho hakikunufaika na ushindi ule. Waliomuunga mkono mkunga walibaki majumbani siku ya uchaguzi mkuu, na kiti kikaenda kwa chama kingine kwa tofauti ya kura mia nne na kumi na mbili. Kikundi cha kina mama kilichokuwa kikinunua sabuni na mafuta kwa jumla kilikuwa kimeshagawanyika vipande viwili, upande wa mkunga na upande wa bwana mbao. Wanaokaa nyumba zinazotazamana leo wananunua bei ya rejareja, kila mtu na chupa yake.

Katibu wa tawi la chama anakiri kwamba walijiumiza. “Tulitumia miezi mitano kuwafundisha watu kumchukia mmoja wetu, halafu tukawapa wiki sita wampende mwingine,” anasema. Tawi limependekeza mchujo ujao usizidi siku thelathini.

Kengele akisikia hivyo hutikisa kichwa. “Siku si kosa. Wakati tulipokuwa tunaulizana ya mfereji, siku zilikuwa nzuri. Ziliharibika pale mmoja alipoishiwa na mwenzake akaendelea kusema peke yake. Na aliyekuwa anamsemea ni mimi.”

Miezi miwili baada ya uchaguzi mkuu alipiga moyo konde, akaenda kwa mkunga. Alimkuta sebuleni, miwani puani, anashona kifungo.

“Karibu, mtangazaji,” alisema mkunga.

“Hilo tu lilitosha kunimaliza,” anasema Kengele. “Miaka yote mimi ni mwanangu, mwanangu. Siku ile nikawa mtangazaji.”

Alipiga magoti, akaomba msamaha, akalia. Mkunga alimwacha amalize. Kisha akamwambia maneno ambayo Kengele anayarudia neno kwa neno, akiwa ameinamisha macho.

“Inuka ukae. Udiwani sina haja nao tena, umekwenda. Lakini kuna binti wa mtaa wa tatu, mjamzito, alikuwa anakuja hapa kila Ijumaa nimpime presha. Sasa anapita upande ule wa barabara. Ameniuliza nani dawa zilikwenda wapi? Uliniuliza wewe, kwa spika, mitaa kumi na mmoja. Halafu msamaha unakuja kuniomba kwenye kochi langu, tukiwa wawili, mlango umefungwa?”

Akanyanyuka, akamletea glasi ya maji. “Maji utakunywa. Chai siwezi kukupikia leo.”

Mwandishi wa makala haya alipomtembelea, mkunga alikubali kuzungumza kwa ufupi. Hakutaka kumsema Kengele vibaya. “Ile miezi ya mwanzo niliifurahia sana, niseme ukweli. Nilijifunza mambo ya mitaa hii ambayo miaka thelathini ya wodini haikunionyesha,” alisema. “Tungeishia pale, ningeshindwa nikicheka.” Alipoulizwa kama amesamehe, aliomba swali lingine.

Maneno ya kochi yalimkaa Kengele rohoni kwa majuma. Mwishowe alikwenda ofisi ya mtaa kuomba kibali cha kutangaza. Fomu ina nafasi za kuweka alama: mkutano, msiba, chanjo, biashara. Alikaa nayo kwenye benchi kwa muda mrefu, kisha akaweka alama mahali palipoandikwa “mengineyo”.

“Tangazo la nini hili?” aliuliza karani.

“La kwangu mwenyewe.”

Karani alimtazama, akagonga muhuri. Kibali ni cha Jumamosi hii, saa tatu hadi saa tano. Dereva amekataa kulipwa. “Mafuta yangu, mdomo wako,” alimwambia. “Siku ile nami nilishika usukani.”

Kengele anajua gharama yake. Bwana mbao ana ndugu na marafiki wanaokodi matangazo, na mmoja ameshamtumia ujumbe kwamba akithubutu asitegemee kazi zao. Kazi hizo ni karibu theluthi ya kipato chake.

Ameandika tangazo kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari la bintiye. Safari hii hatalirekodi. Anataka alisome mwenyewe, kila mtaa, akiwa ameteremsha kioo ili aonekane. Anampa mwandishi aone:

“Ndugu zangu, ni mimi Kengele. Mwaka jana niliwauliza dawa za kina mama zilikwenda wapi. Nilifagia stoo ile miaka sita. Dawa hazikwenda popote. Nilijua tangu siku ya kwanza, na nikauliza.”

Alikuwa amepanga aanzie mtaa wa mbali kabisa, ili akifika kwa mkunga awe ameshazoea na sauti isimkwame. Ni binti aliyempinga, jana jioni, wakiwa wanaosha vyombo.

“Hapana, Mama. Asilisikie likitokea kwa watu wengine. La kwanza lilimfikia hivyohivyo.”

Kengele anaikunja karatasi mara nne na kuitia kwenye mkoba.

“Kwa hiyo tutaanzia kwake,” anasema. “Atoke nje, asitoke, nitasimamisha gari hapo langoni na nitasoma mpaka mwisho.”