Jerikani Kumi na Mbili za Plastiki

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa karani mpya katika stoo ya dawa za shamba mjini Meru. Miaka hiyo ya tisini wakulima wa Mitunguu walikuwa wameshika sana kilimo cha ndizi na nyanya kwa maji ya mifereji, na kila wiki lori letu liliteremka huko na dawa zao. Kazi yangu ilikuwa kuandika hati ya mzigo, ile karatasi anayosafiri nayo dereva ili yeyote atakayelisimamisha lori ajue limebeba nini.

Siku hiyo dereva wetu, Kirimi, alikuwa ameshawasha injini, ananipigia honi. Nikautazama mzigo: jerikani, magunia ya karatasi, masanduku ya kadibodi yenye chupa. Nikajumlisha vyote, nikaandika, "Dawa za sumu, vifurushi thelathini na nane." Nilijiona mwepesi wa kazi, na ujana, kama ujuavyo, hupenda kusifiwa wepesi.

Mkuu wa stoo alikuwa Bwana Njeru, mtu wa Embu, asiyepandisha sauti hata akiudhika. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akairudisha mezani.

"Kanana, kifurushi ni nini?"

"Ni mzigo uliofungwa, Bwana Njeru."

"Hata zawadi ya harusi ni mzigo uliofungwa. Andika upya."

"Lakini Kirimi amechelewa, na jumla haina makosa."

"Jumla inatutosha sisi tuliouona mzigo. Atakayeisoma barabarani hajaingia stoo hii. Mwambie ni chombo gani, kimetengenezwa kwa kitu gani, viko vingapi, na ndani mna nini. Kirimi atangoja."

Niliandika upya huku nimenuna. Jerikani kumi na mbili za plastiki, za lita ishirini, dawa ya maji ya kuua wadudu. Magunia kumi na sita ya karatasi, dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Masanduku kumi ya kadibodi, ndani chupa za glasi, dawa ya kuua magugu. Kirimi akaichukua, akaondoka, nami nikarudi kwenye chai yangu iliyokwisha kupoa. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani humwambia hivyo msichana wa miaka ishirini akasikia?

Jua lilikuwa halijapanda sana simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa naibu wa chifu wa huko chini, akitumia simu ya misheni. Lori lilikuwa limekatika breki kwenye mteremko wa kwenda Mitunguu, mbele ya Kanyakine, likalala ubavu. Kirimi amepelekwa hospitali, hajitambui. Watu walikimbilia kusaidia, na wengine, Mungu awasamehe, walikimbilia kuokota.

"Karatasi yenu ninayo mkononi," akasema. "Magunia yamepasuka na masanduku yamepondeka, hayo siwezi kuyahesabu tena. Lakini jerikani naziona tisa. Hapa mmeandika kumi na mbili za plastiki. Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilizihesabu mwenyewe."

"Basi tatu ziko kwa watu."

Ukumbuke ilikuwa kiangazi. Jerikani ya plastiki yenye kifuniko kizima ni mali kwa mama anayeteka maji mbali. Yeye haoni sumu, anaona chombo.

Bwana Njeru nami tukapanda pikapu. Tulipofika, naibu alikuwa ameshawatuma vijana na wazee wa kanisa nyumba kwa nyumba. Hakuwaambia waulize nani ameiba. Waliuliza tu kama jerikani ya plastiki ya lita ishirini imeingia hapo leo, na swali la namna hiyo mtu hulijibu. Mbili zilirudishwa zikiwa bado zimefungwa. Ya tatu haikuonekana. Jua lilikuwa kali, watu wakachoka, na mzee mmoja akasema pengine karatasi ndiyo iliyokosea.

Naibu akanigeukia. "Karani ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikosea?"

"Sikukosea."

Nilijua ile karatasi yangu ya kwanza isingemfanya mtu yeyote atafute jerikani. Wakaendelea kutafuta.

Waliikuta kwa Nkatha, mjane aliyekuwa na shamba la ndizi. Alikuwa ameimwaga dawa kando ya mfereji, akaisuuza jerikani, akaijaza maji ya kunywa na kuiweka kivulini. Siku hiyo alikuwa na watu waliokuja kumkatia ndizi. Walikuwa bado shambani, naye alikuwa akipakua githeri yao ya mahindi na maharage. Vikombe vilikuwa vimekwisha kupangwa.

"Nimeiosha na sabuni, naibu," akasema. "Inanuka kidogo tu."

Naibu hakubishana naye. Aliyamwaga maji shimoni, akaitoboa jerikani kwa panga, akatuma watu waufunge mfereji na kuwaonya walio chini. Ng'ombe wawili wa jirani walikuwa wameshakunywa maji ya mfereji huo. Tuliwaona wakianguka, mmoja kisha mwingine.  Nkatha alivikusanya vikombe polepole, akavirudisha ndani ya nyumba. Baadaye nilisikia kwamba alimlipa jirani kwa ndizi, mkungu baada ya mkungu, na jirani akamwambia inatosha kabla hajamaliza.

Tulirudi Meru. Bwana Njeru angeweza kusema kwamba alinionya. Aliniuliza tu kama nimekula. Kirimi alipona, akarudi kazini akichechemea, na tangu hapo hakunipigia tena honi nikiandika.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukipewa kazi ya kuandika, usimwandikie anayejua. Mwandikie mgeni atakayesimama mbele ya ajali, ana haraka, na hana wa kumuuliza. Kama ni gunia, sema gunia. Kama ni pipa, sema ni la chuma au la plastiki. Jina la jumla humpumzisha mwandishi na kumtesa msomaji. Na mkubwa akikurudisha kazini, nuna ukitaka, lakini rudi. Kununa kwako kutasahaulika, kazi itabaki.

Mungu akupe mkono mtulivu na macho ya kuwaona watu ambao hutakutana nao. Na kila mahali kazi yako itakapofika, wenyeji wanywe maji yao kwa amani, wasijue hata jina lako.