Feni iliyozunguka kinyume, chumba cha eda, Chemchem Tabora

Wakuu, salaam kwenu.

Huwa nasoma tu humu, kuandika naona haya. Naandika taratibu, mnivumilie. Jana mwenzetu aliuliza kuhusu feni ya dari inayounguruma bila kuzunguka, nikakumbuka ya kwetu. Yalinipata mwenyewe, sijatia chumvi.

Ilikuwa enzi za Ujamaa. Nilikuwa nimemaliza la saba, kijana wa kuinamisha kichwa hata nikisalimiwa.

Baba alikuwa amefariki, mama yuko eda. Kwa wasiojua, mjane hukaa ndani mpaka muda wake uishe, na mwanamume asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu wa karibu aliyeharamishiwa kumuoa, haingii chumbani.

Mama alikuwa na pumu. Dirisha dogo, juu bati, na joto la Oktoba la Tabora mnalijua. Feni ndiyo ilikuwa pumzi yake. Baba aliinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama mji.

Siku moja ikagoma. Inaunguruma tu. Ukiisukuma kwa mti wa ufagio inajikokota, kisha inasimama.

Nikamwita fundi Rajabu. Akasema hiyo ni kapasita, kile kidude kinachoisukuma feni ianze kuzunguka. Madukani spea hakuna, miaka ile hata sabuni ilikuwa ya foleni, ila yeye alikuwa na kuukuu ya feni iliyoungua.

Shangazi, dada yake baba, akaziba mlango.

"Rajabu, unaingia wapi? Humo kuna mwenye eda."

"Mtoeni kidogo basi, mama."

"Nimtoe nimweke wapi, na uani wamejaa wapangaji wanaume?"

Basi nikapanda mezani mimi na ile kapasita kuukuu. Rajabu akabaki nje ya dirisha, anapaza sauti.

"Zima meni swichi kwanza, usituongezee msiba! Haya, angalia rangi za waya kabla hujafungua."

Zote zilikuwa nyeusi kwa vumbi. Nikaona haya kusema. Nikaunga nilivyoona.

"Inazunguka?"

"Inazunguka!"

Mama alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika kanga. Akasema, "Upepo huo, baba. Mungu akubariki."

Nikashuka nacheka peke yangu.

Wiki zikapita, mama akazidi kukohoa. Nikisimama mlangoni asubuhi kumwamkia naona feni inakwenda. Namuuliza, ananijibu, "Upepo mwingi, mwanangu."

Eda ilipoisha, Rajabu akaingia kumpa pole. Akatazama juu.

"We kijana! Mbona inazunguka kinyume? Inapuliza bati hii, inamrudishia mama yako joto."

Nikaenda kusimama chini yake. Upepo hakuna.

Mama akasema, "Nilijua siku ile ile. Umeshuka mezani unacheka, ningesema nini? Tangu baba yako azikwe ulikuwa hujacheka."

Shangazi akatoka nje.

Rajabu akabadilisha nafasi za nyaya mbili tu, upepo ukashuka. Lakini kifua cha mama kilikuwa kimekwisha. Mvua za mwaka uliofuata hazikumkuta.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza: ikiunguruma na ukiisukuma inakwenda, anza na kapasita. Zima umeme, futa vumbi, weka alama kwenye nyaya kabla ya kuzifungua.

Ukimaliza, usimuulize mama kama upepo upo. Atakwambia upo. Kaa pale anapokaa yeye, usikie mwenyewe.

Wenye ujuzi wa feni hizi za zamani nirekebisheni. Na aliyewahi kufichwa hivi na mzazi wake, aandike hapa chini. Nitasoma zote, hata nikichelewa kujibu.