Nyumba Iliyotupokea Nangwa

Nilipopata mimba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo nyumbani kwetu Tumati. Kijana aliyehusika aliikana. Baba ni mkulima na mtu wa kanisa, lakini bado aliiogopa mila ya zamani, kwamba binti akibeba mimba kabla ya kuolewa asilale kwa baba yake, ataleta mkosi kwa mifugo na mazao. Hakufoka. Alisema tu, "Tafuta pa kukaa mpaka ujifungue."

Shangazi alinivuta nyuma ya zizi. "Kuna mtu anatoa mimba kwa siri," alininong'oneza. "Utarudi kulala kitandani kwako." Hakuwa na roho mbaya. Alinihurumia, na hakuona njia nyingine.

Mama aliiona. Alikuwa na rafiki, mama wa Kibarabaig kutoka Nangwa, waliyezoea kubadilishana naye mahindi na samli mnadani. Akanipeleka kwake.

Nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alimsikiliza mama mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mtoto anacheza tumboni?"

"Anacheza."

"Basi ingia. Kwetu mtoto ni mtoto, hata akikosa baba."

Nilikaa kwake kama binti yake. Maziwa ya asubuhi nilipewa mimi kwanza. Mume wake hakuruhusu nibebe maji, na mtu akipandisha sauti karibu yangu alimnyamazisha. Hawakuwa wamesoma sheria yoyote, ila pale bomani mtoto wangu alikuwa na haki zake kabla hajazaliwa, na kila mtu alizijua.

Nilijifungua salama katika zahanati, mtoto wa kike. Habari zikapanda hadi Tumati. Wiki chache baadaye baba alitokea, amebeba blanketi jipya begani. Akamfunika mtoto nalo.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," alisema.

"Na mimi, baba?"

Akainamisha kichwa. "Na wewe, mwanangu. Ulipaswa kuwa nyumbani siku zote hizi."

Sasa binti yangu ananizidi urefu. Nikisikia watu redioni wakibishana kama sheria iendelee kumlinda aliye tumboni, nasema iendelee, kwa sababu yule niliyeshauriwa kumtoa nyuma ya zizi ndiye huyu anayenisaidia kupalilia vitunguu saumu. Lakini naongeza neno. Sheria hiyo isimwachie msichana mzigo peke yake. Anayemfukuza mama amemfukuza na mtoto, na kijana anayekana mimba naye aulizwe.

Kila likizo tunateremka Nangwa. Binti yangu anamwita yule mama bibi, na hajui kumwita vinginevyo. Mwaka jana nilijaribu kumshukuru vizuri, kwa maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinisikiliza huku akitikisa kibuyu cha maziwa.

"Ulikuja na mgeni tumboni," alisema. "Mgeni hafukuzwi. Mpelekee binti yako maziwa, anasubiri."