Mtoto Aliyeogopa Kulia

Mwanangu, nakumbuka Jumapili moja pale Malaba mpakani, miaka ile ya sabini, wakati ng'ambo ya mto watu walikuwa wakitoweka na wengine wakivuka kuja kwetu na vifurushi vichwani. Nilikuwa bado mwanamke kijana, nikifundisha watoto katika kanisa letu la mabati karibu na reli. Siku hiyo niliwauliza swali ambalo mwenyewe sikuwa nimelifikiria sana. Niliwauliza, "Mungu yukoje?"

Mmoja, ambaye baba yake alifanya kazi forodhani, alisema Mungu anakaa getini na kumwuliza kila mtu amebeba nini. Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Mwingine akasema Mungu ni kama babu yake wa Moding, mzee sana, na hasikii mpaka upige kelele. Tukacheka tena. Halafu akasimama Apio, msichana wa miaka minane hivi, mikono ameifunga nyuma.

"Mungu anangoja niwe mzuri kabisa," alisema, "ndiyo amruhusu mama avuke."

Hakuna aliyecheka.

Ngoja nikwambie Apio alikuwa nani. Walitoka ng'ambo ile ya mto, upande wa Tororo. Baba yake alichukuliwa na watu wenye gari, wakasema anakwenda kuulizwa maswali tu, hakurudi. Mama yake akamkabidhi mtoto kwa shangazi aliyekuwa akivuka na samaki wakavu kwenda sokoni, akaahidi kwamba atafuata akishajua mumewe yuko wapi. Shangazi na mtoto wakafika. Mama hakufuata.

Darasani hakukuwa na mtoto mpole kama Apio. Aliketi wima, hakugombana na mtu, na kila mstari wa kukariri aliujua. Walimu wenzangu walimtaja kama mfano. Mimi nilimpenda, lakini upole ule ulinitia baridi, kwa sababu niliujua. Nilikuwa nao mwenyewe.

Hilo nalo nikueleze. Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, hata kutambaa hajaanza. Mume wangu alikuwa karani wa reli. Baada ya msiba alihamishiwa pwani, akasema atanichukua akipata nyumba. Mwanzo alikuwa akija, kisha akawa haji. Nikabaki katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, nikisikiliza malori yakinguruma yakingoja kuvuka. Umewahi kupika chakula cha mtu mmoja, mwanangu? Sufuria huonekana kubwa mno. Sikumwambia mtu yeyote, lakini moyoni niliamini kuna kosa nililofanya. Niliamini kwamba nikifagia kanisa, nikifundisha watoto, nisikose Jumapili hata moja, huenda Mungu akanigeukia tena.

Kwa hiyo Apio aliposema vile, nilifunga kitabu. Nilianzisha wimbo, tukaimba, nikawaruhusu waende nyumbani.

Katikati ya juma shangazi yake alinijia, hata kuketi hakutaka.

"Mwalimu, huyu mtoto atanifia mikononi. Chakula chake anagawia wale wanangu wadogo, anasema ameshiba. Jana ameanguka vibaya, goti linatoka damu, hata chozi hakuna. Namwambia lia, anakataa. Ongea na yeye. Wewe ndiye anakusikia."

Nilimkuta Apio karibu na kizuizi cha barabarani, mahali walipotokea watu waliovuka. Alisimama pale kila jioni baada ya shule. Goti lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Mbona hukulia, Apio?"

"Nikilia Mungu ataona mimi si mtoto mzuri. Atamwambia mama abaki."

Nilitaka kumwambia si kweli, lakini hata mimi sikuwa na hakika. Nilikuwa nimewafundisha watoto safina, na bahari iliyogawanyika, na mikate michache iliyoshibisha umati. Aliyoyafanya Mungu niliyajua yote. Ila yeye mwenyewe yukoje, na ananitazama kwa macho gani mimi niliyebaki peke yangu nyuma ya kinu, hilo sikulijua. Nilimshika mkono nikamrudisha kwa shangazi yake. 

Kesho yake nilikwenda Chakol kwa Mama Rispa, mkubwa wetu sisi walimu wa watoto. Alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito, na jambo alilisema mara moja tu. Nilimkuta akimenya karanga. Nikamweleza habari za Apio tangu mwanzo mpaka mwisho, naye akaendelea kumenya. Nilipomaliza aliinua macho.

"Na wewe? Unamlipa Mungu nini?"

"Mimi, mama?"

"Wewe. Unafika kanisani kabla ya mwenye ufunguo. Umekonda. Mimi nilikuwa kwenye mazishi ya mtoto wako, na tangu siku ile hujanitajia hata jina lake. Unamlipa nini?"

Nilitaka kukana. Badala yake nililia, nikalia mpaka pumzi ikanipotea. Mama Rispa hakuninyamazisha, wala hakukimbilia kuniombea. Alisogeza ungo wa karanga kando, akanivuta kwake, akaningoja.

Baadaye alisema, "Huyo Mungu unayemwogopa, mimi simjui. Na huwezi kumwambia mtoto asiogope wakati wewe unatetemeka. Uwe unakuja hapa, tusome."

Nikawa nakwenda. Tulisoma Maandiko polepole sana. Hatukuwa tukitafuta somo la Jumapili. Tulikuwa tukimtazama Mungu. Tulipofika kwa yule mama aliyefukuzwa pamoja na mwanawe, maji yakawaishia jangwani, akamlaza mtoto kichakani na kwenda kukaa mbali ili asimwone akifa, Mama Rispa alinisimamisha. "Amefanya jema gani huyu, hata Mungu akamwendea?" Nilisoma tena, nikasoma tena, sikuliona. "Hulioni kwa sababu halipo," alisema. "Kulikuwa na kilio, na Mungu akasikia. Basi." Siku nyingine tulifika pale Yesu anaposimama kaburini kwa rafiki yake. Akaniambia niende nikafikirie kwa nini alilia, na hali alijua kwamba atamfufua. Nilikaa na swali hilo chumbani kwangu kwa siku nyingi. Na kidogo kidogo nikaanza kulitamka jina la mtoto wangu katika maombi, jambo ambalo nilikuwa nimejikataza.

Jioni moja nilirudi kwenye kizuizi. Mvua ilikuwa imetoka kukatika. Apio alikuwa pale pale. Nilitandika kanga yangu juu ya nyasi, nikamketisha kando yangu.

"Apio, mimi nilikuwa na mtoto. Akafa."

Alinigeukia. "Ulikuwa mbaya?"

"Nilidhani hivyo. Lakini hapana. Aliugua tu."

"Na Mungu?"

"Hakunikasirikia. Nilipohuzunika, naye alihuzunika."

Alitazama upande wa kizuizi. "Na mama yangu?"

"Sijui mama yako yuko wapi. Sitakudanganya. Lakini hajachelewa kwa sababu yako. Na ukilia, Mungu hamwambii abaki."

"Hata nikilia kwa nguvu?"

"Hata kwa nguvu."

Basi akalia. Mwanangu, alilia hata watu waliokuwa wakivuka wakasimama, na askari mmoja akaja kuniuliza kama nimempiga. Nilitikisa kichwa tu. Nilimshika mpaka mwili wake ukalegea, nikambeba mgongoni mpaka kwa shangazi yake. Alikula, akaomba aongezewe.

Mama yake hakuja. Mwaka ule ule shangazi alipata mahali pa kulima kwa ndugu zake upande wa Nambale, wakahama. Apio alinipungia mkono akiwa juu ya magunia nyuma ya pikapu, na sikumwona tena. Mume wangu naye hakurudi. Zipo jioni hata sasa ambazo nyumba yangu hunyamaza mpaka nasikia mchwa wakitafuna mbao darini. Sikwambii kwamba ukimjua Mungu upweke utaondoka. Wangu haukuondoka. Kilichoondoka ni ile hofu kwamba upweke wangu ni adhabu.

Sasa nasikia na wewe umepewa darasa la watoto. Nimefurahi. Lakini kabla ya kutafuta nyimbo na picha, jiulize unamwamini Mungu wa namna gani unapokuwa peke yako, kwa maana huyo ndiye watoto watakayemwona usoni mwako, hata kama mdomo unafundisha mwingine. Waulize Mungu yukoje, na usiwe mwepesi wa kuwasahihisha. Sikiliza kwanza, humo ndani ya majibu yao mna mambo ya nyumbani kwao. Usimwahidi mtoto kwamba akiwa mzuri Mungu atampa hiki au kile. Usilolijua, sema hulijui, kisha ukae naye pale anapongojea. Na utafute mtu wa kukuuliza maswali magumu huku mkisoma, kama nilivyompata mimi, maana mwalimu wa watoto naye anahitaji kufundishwa.

Mungu ambaye ni mpole kuliko tunavyomhubiri akulinde, mwanangu. Akupe sikio la kumsikia mtoto aliyenyamaza. Na siku watoto watakapokuwa wamekwenda zao nawe umebaki na mabenchi matupu, aketi hapo pamoja nawe, na umjue kuwa ndiye. Amina.