Seli Zilizokasirika

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara hakunionyesha hadubini. Alinionyesha ngazi za kwenda wodini. "Fomu isipokwambia," alisema, "miguu yako iko na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kusoma seli. Mfereji wa nyongo ukiziba, daktari hupitisha mpira mwembamba wenye kamera kooni hadi kwenye utumbo, akaweka mrija wa plastiki ili nyongo ipite. Baadaye husugua ukuta wa mfereji kwa brashi ndogo, na seli zinazotoka hupakwa kwenye kioo, kikaletwa kwetu. Sasa nyinyi vijana sikieni: mrija huo huchubua. Seli huvimba, viini vyake hukua na kuwa vyeusi, na mvivu ataapa kwamba ni saratani.

Mimi niliapa. Mgonjwa alikuwa mama mmoja wa Ziwani. Fomu yake haikutaja mrija, nami sikupanda ngazi kuuliza. Mkuu alikuwa likizoni, kwa hiyo jibu langu likatoka hivyo hivyo. Majuma kadhaa baadaye mrija ulitolewa, seli zikachukuliwa tena, zikawa zimetulia.

"Zilikuwa zimekasirika tu," Mkuu aliniambia. "Nenda umwambie wewe mwenyewe."

Nilimkuta amekaa kitandani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nguo zangu zote nimeshawagawia mawifi," akasema. "Sasa nitaenda nyumbani na nini, kijana?"

Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu nilipanda ngazi kuuliza habari za mrija kila mara, hata wakuu waliofuata wakanicheka.

Siku hizi naishi mtaa wa Tena, peke yangu tangu mama watoto afariki. Upweke ni mbaya, sitaficha. Mwaka huu macho yangu yaligeuka manjano, nikawekewa mrija, na juma lililopita wakapitisha brashi. Nilichoogopa zaidi ni kijana kama nilivyokuwa mimi, akiwa kwenye kiti changu.

Jana simu ililia. Alikuwa msichana.

"Mzee, napiga kutoka maabara. Uko na mrija ndani? Kwa fomu hawajaandika."

"Upo. Miezi mitatu."

"Sawa. Ni hiyo tu nilitaka kujua."

Jibu bado halijatoka. Lakini nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa, maana tangu mazishi hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameniuliza kitu.